Viti Mia na Ishirini

Mie sikwenda kujifunza kitu. Nilipeleka viti.
Mia na ishirini vya plastiki, vyeupe vinavyogeuka rangi ya meno,
nyuma ya kila kimoja M.K. kwa rangi nyekundu,
maana watu wa Chake ni waaminifu
lakini kiti hakijui kwao.

Safari tatu za gari ya ng'ombe, Machomane hadi ukumbini Tibirinzi.
Mlangoni kitambaa:
UKIJIPENDA, DUNIA ITAKUPENDA.
KIINGILIO ELFU KUMI. CHETI BURE.
Ng'ombe wangu alikitazama sana,
kisha akakitafuna ncha.

Kocha Lutfi alishuka Mkoani na boti ya asubuhi,
viatu bila soksi, kipaza sauti kimemganda shavuni
kama nzi aliyesahau kuruka.
Semeni, akasema: mimi natosha.
Watu wakasema: mimi natosha.
Hamjasikika mtaa wa pili!
Wakatosha mpaka mtaa wa pili.

Mie nyuma, kando ya spika, nahesabu.
Kiti cha tisini na moja kina mguu wenye ufa:
hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu.
Yeye akasema kila mtu ana mtoto ndani yake, analia,
na mwanamke mmoja mbele yangu
akavuta mtandio mpaka puani.

Akasema: wakateni wote wanaokunyonyeni nguvu.
Nikamtazama Bi Mchanga, kakaa baina ya mawifi watatu,
mapajani mtoto wa jirani aliyeachiwa tangu alfajiri.
Amkate nani?
Na siku ya kufa kwake, nani atachemsha maji?

Akasema: andikeni deni linalokutisheni, kisha muichane karatasi.
Ukumbi ukachanika kama mvua ya vuli juu ya bati.
Nassor wa duka la Misufini alikuwamo, safu ya tatu.
Yeye sikumwona akichana.

Viti hivi navijua mie.
Jumamosi vilikuwa khitmani kwa marehemu Shaame,
vikakaliwa na watu wasioambiwa lolote juu ya nafsi zao
ila kwamba zitaonja.
Wakaitikia dua, wakala wali, wakaulizana bei ya karafuu.
Kama walipona, sijui.
Viti vilirudi vyote.

Saa kumi vyeti vikagaiwa, picha zikapigwa.
Lutfi akanishika bega:
Utajiri huanza akilini, Masoud.
Pesa ya viti nitakurushia kwa simu.
Akilini imeshafika.
Kwenye simu bado.

Nikaanza kupanga, kumi kumi, ukutani.
Watu wakatoka na sauti zao mpya.
Akabaki mmoja, yule wa mtandio,
Bi Raya wa Wawi, cheti kakikunja kama tiketi.
Nikapanga kulia kwake. Nikapanga kushoto.
Nikafagia vipande vya madeni ya watu.
Hakuinuka.

"Nimesema natosha mara arubaini," akasema, bila kunitazama.
"Mwanangu hajanipigia tangu Mfunguo Tatu."

Wallahi nilitafuta neno.
Kocha angekuwa nalo, na la pili la kulisindikiza.
Mie nililonalo lilikuwa moja tu:
"Bi Raya, hebu hama hapo. Kiti hicho kina ufa."

Nikamshushia kingine.
Na kwa kuwa mikono ilishapanda juu ya rundo,
nikajishushia na mie.

Tukakaa.
Akanambia kijana anaitwa Mbarouk, hali pweza,
na utotoni alilala na viatu vya skuli miguuni
asije akachelewa.
Sikumpa njia saba. Hata moja sikumpa.
Nje ng'ombe alikuwa akimalizia herufi za DUNIA.

Nilifika nyumbani usiku.
Mke wangu akauliza: haya, umejifunza nini huko?
Nikamwambia, ule mguu wa tisini na moja
kesho nautia waya.